Mchongezi, mbea au mtoa taarifa? Jibu kwa katibu wa wakulima wa viazi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi huku Uyole, Mbeya. Tulikubaliana kikaoni tukomeshe lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi na kulipwa kama gunia moja, nikatumwa kuandika tangazo. Niliandika hivi: "Mchongezi yeyote atakayetuletea jina la anayefungasha lumbesa atalindwa na kikundi." Kwenye kundi letu la WhatsApp pakachafuka. Mzee mmoja akasema nimewatukana wanachama. Kijana akajibu, "Sisi siyo mashushushu." Mwingine akaandika, "Ndiyo maana mji unaitwa Mbeya," watu wakacheka hadi hoja ikapotea. Naomba unifafanulie tofauti ya haya maneno: mchongezi, mbea, mfitini, msaliti, mpelelezi, shushushu, mtoa taarifa. Niandike lipi? Na je, ni kweli jina la mji wetu limetokana na umbeya?

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Mzee wenu hakukuonea. Mchongezi ni neno la lawama, na limekuwa hivyo tangu zamani. Kumchongea mtu ni kupeleka habari zake kwa mwenye mamlaka juu yake, awe bosi, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au baba mkwe, ili huyo mtu aharibikiwe. Wengi hudhani mchongezi lazima awe mwongo. Hapana, mwongo ana majina yake: mzushi, msingiziaji. Mchongezi anaweza kusema kweli tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho na bado akabaki mchongezi, kwa sababu anapimwa kwa nia. Alitaka mwenzake aumie, na mara nyingi alitaka yeye apendwe. Sasa lisome tena tangazo lako kwa masikio ya huyo mzee. Umewaambia wanachama kwamba anayetaka kuwaharibia wenzake aje, kikundi kitamficha. Hata anayeichukia lumbesa kuliko wewe asingeitika wito huo.

Na kwa mzee wa huku kwetu uzito unaongezeka. Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na vizazi kadhaa vimekua vikisikia Biblia ya Kiswahili ikisomwa kanisani. Humo, katika Walawi na katika Mithali, mchongezi ni mtu wa kukemewa. Aliyelelewa hivyo akikutana na "mchongezi" kwenye tangazo la viazi, dhambi inamjia kichwani kabla ya gunia.

Kabla sijapita kwenye maneno mengine, nikupe njia ya kuyapima mwenyewe, maana mtaani yanazaliwa mapya kila siku na sitakuwepo kukujibu. Chukua kitenzi, kitie kwenye sentensi yenye mtu ndani yake, kisha uulize: huyo mtu aliyeingia kwenye kitenzi ni nani?

Amemchongea, amemsaliti, amemfitini, amemsengenya, amemchoma, amemuuza. Katika yote hayo, "m" ya katikati ni yule anayeumia. Kitenzi kimembeba mhanga wake ndani. Huwezi kukitamka bila kumwona mtu aliyelengwa, na ndiyo maana maneno ya kundi hili yote yanachoma masikio, hata kama aliyesemwa ni mwizi kweli.

Amemtonya, amemdokeza, amemtahadharisha. Hapa "m" imehama. Sasa ni yule aliyeambiwa. "Amenitonya kuwa lori litapita usiku": mimi ndiye niliyenufaika, na mwenye lori hayumo kwenye kitenzi kabisa. Kundi hili ni jepesi, lina hata urafiki ndani yake. Mtu anasema "nimetonywa" huku akitabasamu. Hasemi "nimechongewa" akitabasamu.

Halafu kuna kufichua, kuibua na kutoa taarifa. Humo hamna mtu. Kinachofichuliwa ni uovu, wizi, siri. Kinachotolewa ni taarifa. Jaribu kusema "amemtoa taarifa jirani yake" uone jinsi Kiswahili kinavyokataa. Inabidi useme ametoa taarifa kuhusu jirani yake, au ametoa taarifa za wizi, na jambo ndilo linalokaa mbele. Kuripoti linayumba katikati: unaweza kuripoti tukio, na unaweza pia kumripoti mtu. Sikiliza vizuri utaona kwamba mara tu hiyo "m" inapoingia, sauti inabadilika. "Ameripoti" ni kazi. "Ameniripoti" ni ugomvi.

Ukishaielewa hiyo, tangazo lako lilikuwa na kasoro mbili. Moja ni neno mchongezi. Ya pili, nayo naiona kubwa zaidi, ni pale ulipoomba "jina la anayefungasha". Uliwaomba watu wakuletee mtu, na kilichokuwa kinawasumbua ni jambo. Nitalirudia hilo mwishoni.

Twende kwenye maneno. Naanza na mbea kwa sababu ndilo lililoharibu kikao chenu.

Mbea, mmbea, mbeya: utayakuta yote matatu, na watu wa Bara wengi siku hizi wanaandika mmbea. Kamusi zinalo mbeya kama nomino ya mtu, na umbeya kama tabia yake. Huyu anatembeza habari za watu. Tofauti yake na mchongezi ni mahali anapozipeleka. Mchongezi anapanda ngazi. Ana mlango mmoja anaoujua, wa mkubwa. Mbea hana ofisi. Anazimwaga bombani, saluni, kwenye daladala ya Mwanjelwa, popote penye sikio, na malipo yake ni kule kushangaa kwa watu: "Wee! Acha!" Anaweza kuharibu ndoa tatu kabla ya chakula cha mchana bila kuwa na adui hata mmoja. Sikuzuii kumchukia, ila usimchanganye na mchongezi, maana mbea ukimwambia kuna zawadi kwa atakayekwenda kutoa maelezo kituoni, ndiye atakayetoroka wa kwanza. Hapendi maswali.

Mdaku ni ndugu yake, mwenye kuchokonoa zaidi kuliko kusambaza. Kutoka kwake tumepata magazeti ya udaku. Na mpika majungu ni mbea aliyeajiriwa: yeye anataka cheo, kwa hiyo habari zake zinaelekea kwa bosi kwa mzunguko, kupitia kwa katibu muhtasi, dereva, au mke wa bosi akimpata. Nimefanya kazi ofisini muda wa kutosha kusema kwamba uchongezi mwingi wa Tanzania ya leo umevaa nguo ya majungu. Hakuna anayesimama mbele ya mkurugenzi na kusema "fulani kaiba". Anasema, "Mkurugenzi, mimi sipendi kusema sema watu, ila..."

Sasa jina la mji. Huyo aliyeandika utani huo si wa kwanza, na wageni wanaofika Mbeya hudhani ndio wameugundua. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Mbeya imetokana na neno la Kisafwa, ibeya, yaani chumvi, kwa kuwa wafanyabiashara walifika huku kubadilisha mazao yao kwa chumvi. Wasafwa ndio wenyeji wa milima hiyo inayouzunguka mji. Mji wenyewe ulikua kuanzia miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipovuta watu kutoka kila upande, ukaja kupewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Mbeya ya mji na mbeya ya mtu zimefanana kwa maandishi basi, hazina undugu. Akirudia utani wake, mwambie anaishi Chumvini.

Mfitini sitakaa naye sana. Huyu anagombanisha. Anaweza kupeleka habari kwa Asha juu ya Neema, kisha kwa Neema juu ya Asha, na hapo akastahili jina jingine, ndumilakuwili. Shabaha yake ni uhusiano wenyewe uvunjike. Waislamu wamelelewa kuiona fitina kuwa mbaya kuliko kuua, kwa hiyo kwao mfitini si mtu wa kutania.

Msaliti ni neno zito zaidi katika orodha yako, na lina sharti moja ambalo watu hulisahau: lazima kwanza uwe wa upande fulani. Mtu baki hawezi kunisaliti. Anaweza kunichongea, kunipeleleza, kunisingizia, lakini kunisaliti anaweza tu aliyekula nami. Ndiyo maana wazee wakalifungia kwenye "kikulacho ki nguoni mwako". Yuda asingeitwa msaliti kama asingekuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

Kwetu Iringa tunao mfano unaoonyesha vizuri jinsi neno hili linavyotegemea umesimama wapi. Baada ya Wajerumani kuiteka ngome ya Kalenga mwezi wa Oktoba 1894, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alitoroka akaishi porini karibu miaka minne. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayefanikisha kupatikana kwake. Fikiria fedha hiyo wakati ule. Watu walikuwa wanakufa njaa, mashamba yamechomwa, na bado aliendelea kulishwa, kufichwa na kutonywa askari walipokaribia. Mwaka 1896 Wajerumani wakamweka kitini ndugu yake, Mpangile, wakitegemea awe mtu wao. Mwaka uliofuata wakamuua, wakimtuhumu kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri. Sasa niambie, Mpangile alikuwa msaliti? Kwa mwenye bendera pale Iringa, ndiyo, alikula mshahara wao akatumikia upande wa pili. Kwa Mhehe aliyekuwa anabeba chakula kwenda porini, msaliti angekuwa ni yule ambaye angekwenda kudai zile rupia. Mtu mmoja na kitendo kimoja, na neno linageuka kulingana na nani anasimulia. Mkwawa mwenyewe hawakumpata hai. Julai 1898 alijipiga risasi walipomzingira.

Kwa hiyo kikundi chenu kikiita tendo fulani usaliti, kitakuwa kimeshaamua wanachama ni wa upande gani. Na nadhani hicho ndicho baadhi yao wanakiogopa, kwamba leo mtu akisema jirani yake kafunga lumbesa, kesho msibani ataitwa msaliti wa kijiji kizima.

Mpelelezi, jasusi, kachero, shushushu. Haya manne yanahusu watu wa kazi. Mpelelezi ni cheo halali: anachukua maelezo, anafungua jalada, anasimama mahakamani na kutaja jina lake na namba yake. Kachero ni mpelelezi huyohuyo akishaingia gazetini, akapewa sifa kidogo. Jasusi anatumikia dola au kampuni dhidi ya nyingine. Kikundi cha viazi hakina jasusi, labda kama Njombe wameanza kuwachunguza. Shushushu ni neno la mtaani kwa watu wa Usalama wa Taifa, na halina heshima wala tusi kamili. Linasemwa kwa sauti ya chini na kicheko kidogo, huku msemaji akigeuka kuangalia meza ya nyuma. Kijana wenu aliposema "sisi siyo mashushushu" alikuwa na hoja, japo aliitoa kwa ukali. Alimaanisha: hatujaapa, hatulipwi, na sisi tutabaki hapahapa baada ya lori kuondoka.

Mdukuzi umemwacha kwenye orodha lakini nimtaje, kwa sababu amehama nyumba. Zamani kudukua ni kutega sikio dirishani, kunasa maneno ya watu. Siku hizi mdukuzi ni yule anayeingia kwenye kompyuta na simu za watu. Aliyetega sikio dirishani amebaki hana jina linalojulikana na wote.

Vijana wana yao. "Amenichoma" maana yake amenitaja kwa wakubwa. "Amenichomea utambi" ni la zamani kidogo, na lina mtu aliyewasha kisha akaondoka kabla mlipuko haujatokea. "Ameniuza", "ameuza mechi" ni la kuvunja makubaliano kwa faida. Snichi limeingia kwa njia ya muziki, na linabeba sheria ya magenge ya Marekani kwamba kusema na polisi ni kosa kuliko kosa lenyewe. Sheria hiyo haikuzaliwa Uyole, na mimi singependa kikundi cha wakulima kiikaribishe kupitia mlango wa lugha. Kwenye vituo vya polisi na kwa askari wa wanyamapori utasikia infoma. Hilo ni neno la kazini, libaki huko.

Kuna neno moja hukuliuliza nalo ndilo la kwanza kila mmoja wetu kulitumia: kusemea. "Nitakusemea kwa mwalimu." Ni kitenzi cha ajabu. Mbunge anatusemea bungeni, tunampigia makofi. Mtoto anamsemea mwenzake kwa mwalimu, anapigwa njiani wakirudi nyumbani. Umbo ni lilelile, ile "e" ya kutendea, na Kiswahili hakikuambii kama anayesemewa atafaidi au ataumia. Mpaka ujue anasemewa kwa nani.

Na darasani palikuwa na karatasi ya monita. Mwalimu anatoka, monita anararua ukurasa wa katikati ya daftari, anaandika juu WAPIGA KELELE, anapiga mstari chini kwa rula. Jina la kwanza linaingia. Ukimbembeleza, anakufuta, ukimtukana, anaongeza mbele ya jina lako "sana". Ukirudia, "sana sana". Rafiki zake hawamo, hata kama wao ndio waliokuwa wanaimba. Mwalimu akirudi anaisoma karatasi ile kama ilivyo na fimbo inaanza kazi yake. Hakuna aliyeulizwa kelele zilihusu nini. Nakwambia hili kwa sababu kikundi chenu, kwa tangazo lile, kilikuwa kinatafuta monita. Wanachama wako wote walishakaa darasa hilo, na wengi walishawahi kuandikwa "sana" bure.

Nchi yetu nayo ina njia za kutoa habari za watu ambazo hazina jina baya kabisa. Nenda gesti yoyote, Tunduma au Makambako, utapewa daftari: jina, kabila, utokako, uendako, shughuli. Unajaza ukiwa na usingizi, na hakuna anayemwita mhudumu mchongezi. Balozi wa nyumba kumi, tangu enzi za chama cha TANU, kazi yake imekuwa kubeba shida zenu kwenda juu na kubeba habari zenu kwenda juu vilevile, na kwa yote mawili anaitwa balozi. Watu wanavumilia kwa sababu njia inajulikana na kila mtu anapita hapo.

Sasa neno lako. Andika mtoa taarifa, wingi watoa taarifa. Ndilo linalotumika serikalini. Bunge lilitunga sheria mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, hulitumia hilohilo wanapohimiza watu kupiga 113. Ni refu kidogo na halina ladha, mshairi asingelichagua. Kwa tangazo, ukavu huo ndio faida yake, maana halina mhanga ndani wala halina shujaa. Magazetini utakutana pia na mfichuzi. Ni zuri, ila lina ushujaa ndani yake, na mkulima anayetaka tu kupimiwa haki hajioni shujaa. Na ukikutana na "mpuliza kipenga", lipite. Limetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kwetu kipenga ni cha mwamuzi na cha trafiki, na wote wawili wakipuliza wanaonekana. Mtoa taarifa mara nyingi hataki kuonekana.

Usimchanganye na shahidi. Nimekaa mahakamani kama mkalimani na nimeona watu wakiumia kwa kutojua tofauti hii. Mtoa taarifa anaweza kuishia pale alipoitoa. Wenye kazi wakaenda, wakaona kwa macho yao, wakakamata. Shahidi anaapa, anasimama mbele ya mtuhumiwa, anaulizwa maswali na wakili wake. Mlalamikaji ni wa tatu, ni yule aliyedhulumiwa mwenyewe. Mtu akija kwako, mwambie tangu mwanzo anaombwa kuwa yupi kati ya hao watatu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu kisheria, kwa hiyo neno mtakaloandika kwenye muhtasari wa kikao linaweza kuja kusomwa na hakimu jinsi lilivyo.

Na ondoa "atalindwa na kikundi". Mtamlinda kwa kitu gani? Ulinzi wa ile sheria unahusu aliyetoa taarifa kwa nia njema kwa chombo au mtu mwenye mamlaka, na vyombo ndivyo vyenye uwezo wa kuutoa. Nyinyi mnaweza kuahidi jambo moja tu, kutotaja jina lake, na hata hilo mnaweza kuliahidi ikiwa taarifa haitapita kwenye kundi la WhatsApp lenye wanachama wote, shemeji zao na madalali wawili ambao hakuna anayekumbuka waliingizwa na nani. Usimwage mtama penye kuku wengi.

Kuhusu lile jina mliloomba. Wewe unaijua lumbesa kuliko mimi: gunia limejaa mpaka mdomoni, halafu juu linaongezewa kilemba cha viazi kinachoshonwa kwa kamba na wavu, dalali analipa gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Anayefungasha ni nani? Mara nyingi ni kibarua, au mkulima mwenyewe ambaye viazi vyake vimeshaanza kuota kijani na ada ya shule inadaiwa. Ukiomba jina, utaletewa jina lake yeye, maana ndiye anayejulikana kijijini. Mwenye lori hajulikani. Lakini ukiomba tukio, yaani mahali, saa, namba ya gari na idadi ya magunia, unakuwa umemgusa mnunuzi, na jirani hajatajwa na mtu. Ndiyo ile "m" niliyoisema juu. Ukiiondoa kwenye sentensi, unamwondoa jirani kwenye lawama.

Mimi ningeandika hivi:

"TANGAZO KWA WANACHAMA. Gunia la viazi lisizidi kilo 100. Ukiona lumbesa inafungashwa au inapakiwa, toa taarifa kwa ............ (cheo na namba ya simu). Eleza mahali, siku na saa, namba ya gari kama umeiona, na idadi ya magunia. Si lazima utaje jina lako. Kikundi hakitapokea taarifa hizi kupitia WhatsApp. Atakayetoa taarifa ya uongo kwa makusudi ili kumkomoa mtu atajibu mbele ya mkutano wa wanachama."

Hiyo sentensi ya mwisho usiikate hata wakikwambia inatisha watu. Ndiyo itakayomtuliza mzee wako, kwa sababu ndiyo inayomfungia mchongezi mlango bila kumtaja. Nje ya kikundi pia, kumdanganya mtumishi wa umma kwa makusudi ili amsumbue mtu mwingine ni kosa la jinai, kwa hiyo hamjabuni jambo geni.

Kwenye ile nafasi iliyo wazi usiandike jina lako wewe katibu. Nenda kwanza kwa Wakala wa Vipimo hapo mjini, waulize wanapokea taarifa kwa njia gani na nani anazishughulikia, kisha uweke namba watakayokupa. Mwenyekiti wa mtaa pia apewe nakala kabla halijabandikwa, asije akalisikia kwa mbea. Lichape kwa herufi kubwa, lipige muhuri wa kikundi, na ulibandike pale mnapopimia, upande ambao dereva wa lori analiona akiwa bado kwenye usukani.